Prince Hall na African Lodge

Hapa, katika makaburi ya Copp's Hill mjini Boston, amezikwa Prince Hall, fundi wa ngozi aliyefariki mwaka 1807. Katika miaka ya 1770 yeye na wenzake 14, wote weusi na huru, walipokelewa katika Ufrimasoni, chama cha udugu, na loji ya wanajeshi wa Uingereza. Hati ya kuendesha loji yao wenyewe, African Lodge, ilitolewa London mwaka 1784.

Walihubiri udugu na kusaidiana, na wakavitenda mbele ya serikali. Mwaka 1787 Hall aliliomba bunge la Massachusetts elimu kwa watoto weusi, ambao wazazi wao walilipa kodi kama wengine. Alikataliwa.

Februari 1788 watu watatu weusi huru walihadaiwa wakapanda meli, wakasafirishwa hadi visiwa vya Karibi ili wauzwe. Hall na wanaloji wenzake waliliandikia bunge ombi kali. Mwezi uliofuata bunge lilipiga marufuku biashara ya watumwa, na mwaka huohuo watatu hao wakarudi Boston wakiwa hai. Hakuna kazi ya loji hii inayostahili heshima kuliko hiyo.

Loji za Prince Hall zingali hai Marekani.