Figo ya Ndugu wa Kundi Lingine
Mgonjwa wa figo wa Rungwa, Singida, siku hizi anaweza kupandikizwa Dodoma bila kupelekwa India. Hospitali ya Muhimbili ilianza huduma hiyo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018 kwa msaada wa madaktari wa mtandao wa hospitali wa Tokushukai kutoka Japani. Ujio wa Wajapani una uzito zaidi ya tunavyoudhania. Kwao viungo vya marehemu ni haba mno, hivyo tangu 1989 wamepandikiza hata makundi ya damu yasipolingana, njia aliyoikuza daktari Guy Alexandre mjini Brussels miaka ya 1980: kingamwili huchujwa kwenye plazima kabla ya upasuaji. Zamani bandama nayo ilikatwa. Dawa ya rituksimabu imeiokoa.

Nasi pia tunategemea ndugu walio hai. Mgonjwa wa kundi O hupokea kwa O tu. Kaka yake wa kundi A, hata akiwa radhi, kwa utaratibu wa kawaida hafai. Wapo watakaosema gharama ni kubwa, na kwamba familia mbili kubadilishana watoaji ni nafuu. Ni kweli, ila kubadilishana kunahitaji jozi nyingi zilizopimwa. Kwa mtu wa Rungwa, kusubiri huku akisafishwa damu mara tatu kwa wiki ni kuhama kabisa.