Mwenza wa Mgombea

Mwenza wa mgombea ni mke au mume wa mtu anayewania nafasi ya kuchaguliwa. Asichanganywe na mgombea mwenza, ambaye nchini Tanzania na Kenya ndiye anayewania umakamu wa rais (unaibu rais kwa Kenya) kwa tiketi moja na mgombea urais. Maneno yakipinduliwa, kazi nayo inapinduka. Mgombea mwenza ameteuliwa, jina lake limo kwenye karatasi ya kura na wajibu wake umo katika katiba. Mwenza wa mgombea hakuteuliwa na kikao chochote na hapigiwi kura. Hata hivyo ndiye mpiga kampeni pekee ambaye mgombea hawezi kumwondoa kwa barua wiki mbili kabla ya uchaguzi.

Kila mkutano wa kampeni una wapambe wa kumnadi mgombea, na wananchi wanajua kwamba wapambe husema walichotumwa kusema. Mke au mume akishika kipaza sauti, masikio husikiliza kwa namna nyingine. Huyu amemwona mgombea akiwa hana fedha, akiwa na hasira, akiwa mgonjwa. Anachukuliwa kama shahidi. Nguvu yake yote inatoka hapo, na hatari yake pia, kwa sababu shahidi anaweza kusema lisilotakiwa, au ukweli wa nyumbani ukapitia mlango wa uani wakati yeye mwenyewe amenyamaza.

Msaada wa mwanzo kabisa hauonekani jukwaani, kwa kuwa siasa hula kipato cha nyumba kabla haijaleta chochote. Julius Nyerere alipoacha kufundisha shuleni Pugu mwaka 1955 ili akitumikie chama cha TANU, mshahara wa ualimu ulikatika. Mkewe Maria, ambaye naye alisomea ualimu, aliendesha duka dogo Dar es Salaam familia ipate kula. Miaka mitatu baadaye TANU iliingia katika uchaguzi wa wakati wa ukoloni ulioitwa wa kura tatu ikiongozwa na mtu ambaye kwa muda mrefu hakuwa na kazi ya kulipwa ya uhakika. Historia za vyama vya ukombozi zimejaa majina ya wasemaji na waandishi wa katiba; waliolipia chakula cha jioni cha wasemaji hao wametajwa kwa nadra, na hilo ni pengo la kusikitisha.

Kwa Afrika Mashariki, hakuna kisa kinachoonyesha uzito wa nafasi hii kuliko cha Wangari Maathai wa Kenya, miaka mingi kabla dunia haijamjua. Mumewe, Mwangi Mathai, aligombea ubunge mwaka 1969 akashindwa, akarudi tena mwaka 1974 katika jimbo la Lang'ata, Nairobi. Wangari alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwenye shahada ya uzamivu, jambo ambalo kwenye kampeni lilikuwa mzigo. Ilimbidi aangalie anavyovaa na anavyozungumza, wapiga kura wasije wakasema mgombea ameoa mwanamke aliyejigeuza Mzungu. Alipokea wageni nyumbani, akatembea na mumewe, akavumilia.

Mwangi aliwaahidi wapiga kura ajira. Aliposhinda, mkewe alimuuliza ajira hizo zitatoka wapi, na jibu lililomtosheleza hakulipata. Wengi katika nafasi yake wangeliacha suala hilo lipite, maana ahadi za jukwaani zina kawaida ya kusahaulika. Wangari hakuweza. Alianzisha kampuni ndogo aliyoiita Envirocare, akapata mahali pa kuotesha miche katika msitu wa Karura, akakusudia kuwaajiri maskini wa jimbo hilo kupanda miti na kutunza bustani za matajiri wa jimbo hilohilo. Biashara hiyo ilikufa. Wazo halikufa: tarehe 5 Juni 1977 ilipandwa miti 7 katika viwanja vya Kamukunji, Nairobi, na kazi iliyoanza siku hiyo ndiyo inayojulikana kama Green Belt Movement, iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Mizizi yake ni ahadi ya kampeni ambayo mke wa mgombea aliichukua kwa uzito kuliko mgombea aliyeitoa.

Ndoa yenyewe haikudumu. Walitalikiana mwaka 1979 baada ya kesi iliyoanikwa magazetini, na alipomkosoa jaji hadharani Wangari alifungwa kwa kuidharau mahakama. Mumewe alimtaka aache kutumia jina lake. Yeye akaongeza herufi moja ya "a", Mathai ikawa Maathai. Mwaka 1982 alijiuzulu chuo kikuu ili agombee ubunge mwenyewe, akaenguliwa kwa hoja ya uandikishaji wa wapiga kura, na chuo hakikumrudisha kazini. Yule aliyevumilia macho ya wapiga kura kwa ajili ya mumewe alipoteza kazi na nyumba ya chuo siku alipotaka kura zake mwenyewe.

Aina nyingine ya msaada ni kwenda mahali ambapo mgombea hawezi kwenda. Julai 1964 Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitia saini sheria iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika maeneo ya umma na ajira, na Wazungu wengi wa majimbo ya kusini wakamchukia. Miezi mitatu baadaye alikuwa anaomba kura. Mkewe, Lady Bird, alizaliwa Texas na alikuwa na ndugu wa upande wa mama Alabama. Lafudhi yake ilikuwa ya kusini na watu wa kusini walikuwa watu wake. Aliwapigia simu yeye mwenyewe magavana na maseneta wa huko kuwaeleza kwamba anakuja. Tarehe 6 Oktoba alipanda treni Alexandria, Virginia, akasafiri siku 4 hadi New Orleans, zaidi ya kilomita 2,600 kupitia majimbo 8, akihutubia kutoka jukwaa la behewa la mwisho karibu mara 50. Kwa hofu ya mabomu, kichwa kingine cha treni kilitangulizwa mbele yake relini. South Carolina alizomewa na kukutana na mabango ya matusi. Alinyanyua mkono, akaomba apewe nafasi amalize, akaendelea.

Je, safari hiyo ilileta kura? Johnson alishinda nchi nzima kwa asilimia 61, lakini katika majimbo 8 ya safari hiyo alipoteza 5. Alipata Virginia, North Carolina na Florida. Hakuna anayeweza kuonyesha kura ipi ilitokana na treni. Kilicho wazi ni kwamba chama hakikuonekana kuikimbia kusini, na aliyelibeba jambo hilo zito alikuwa mtu ambaye kazi yake haikuwa na cheo wala mshahara.

Mtandao ambao mwenza ameujenga kabla ya kampeni una thamani kubwa kuliko hotuba. Rachel Ruto wa Kenya alianzisha mwaka 2009 shirika la Joyful Women, linalowakusanya wanawake katika vikundi vya kuweka na kukopeshana. Mumewe alipogombea urais mwaka 2022 kwa kauli mbiu iliyowaweka mbele mama mboga na watu wa bodaboda, tayari mkewe alikuwa amezoeleka kwa miaka zaidi ya 10 miongoni mwa wanawake wa aina hiyo, na pia katika mikutano ya maombi. Tofauti kati ya William Ruto na Raila Odinga ilikuwa chini ya asilimia 2. Katika uchaguzi wa pengo dogo namna hiyo, kila kikundi cha akina mama kina hesabu yake.

Lakini mapenzi ya watu kwa mwenza hayahamii kwa mgombea moja kwa moja. Mwaka 1976 Betty Ford alipendwa Marekani kiasi kwamba zilivaliwa beji za kuwaomba watu wampigie kura mume wa Betty. Mume huyo, Rais Gerald Ford, alishindwa na Jimmy Carter. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kampeni, na aliyesoma salamu zake za kumpongeza mshindi mbele ya waandishi wa habari alikuwa Betty.

Madhara nayo yana ngazi zake. Jepesi zaidi ni la ulimi. Januari 2022 Ida Odinga alisema makanisa yawe chini ya vyombo vya kuyasimamia na wahubiri wawe na elimu ya theolojia. Kwa hoja, kuna wengi ambao wangekubaliana naye. Kwa siasa, nchi ina maelfu ya makanisa madogo yenye wahubiri wasiopitia chuo, na miezi 7 ilikuwa imebaki kabla ya uchaguzi. Raila Odinga alilazimika kueleza kwamba hayo ni maoni binafsi ya mkewe. Nchini Nigeria, Aisha Buhari alikwenda mbali zaidi: Oktoba 2016 aliiambia BBC kwamba huenda asimfanyie mumewe kampeni tena endapo serikali haitafanyiwa mabadiliko. Rais Muhammadu Buhari, akiwa Berlin kando ya Kansela Angela Merkel, alijibu kwamba mkewe ni wa jikoni, sebuleni na kile chumba kingine. Jibu hilo lilimfedhehesha kuliko lawama yenyewe. Hata hivyo mwaka 2019 alichaguliwa tena, na Aisha akiwa upande wake.

Kwa nini Buhari aliponea na François Fillon akaanguka? Fillon alishinda kura za mchujo za mrengo wa kulia nchini Ufaransa Novemba 2016, akijinadi kama mtu mwadilifu anayetaka serikali ifunge mkanda. Tarehe 25 Januari 2017 gazeti la Le Canard enchaîné liliandika kwamba mkewe, Penelope, alilipwa mamia ya maelfu ya euro kutoka fedha za bunge kama msaidizi wa mbunge, kazi ambayo dalili za kufanyika kwake hazikuonekana. Kisha ikaibuka video ya mahojiano ya mwaka 2007 ambamo Penelope mwenyewe alisema hajawahi kuwa msaidizi wa mumewe. Shahidi alikuwa ameshatoa ushahidi wake miaka 10 kabla ya kashfa. Katika duru ya kwanza Fillon alipata asilimia 20.01, nyuma ya Marine Le Pen mwenye 21.30 na Emmanuel Macron mwenye 24.01, akatolewa. Mwaka 2020 mahakama iliwatia hatiani mume na mke.

Buhari alichaguliwa kwa sifa ya kupambana na ufisadi, na maneno ya mkewe hayakumtaja kuwa mwizi. Fillon aliegemea nguzo ya uadilifu, na pigo likatua kwenye nguzo hiyohiyo. Wapinzani wenye akili huitafuta nguzo ya namna hiyo kwanza, halafu ndipo wakachungulia nyumbani.

Wakati mwingine wanaochungulia wanaumiza mtu asiye na kosa. Mwaka 1828 wapinzani wa Andrew Jackson, mgombea urais wa Marekani, walimtangaza mkewe Rachel kuwa mzinzi kwa sababu ndoa yao ya mwanzo, zaidi ya miaka 30 nyuma, ilifungwa kabla talaka ya Rachel na mume wake wa kwanza haijakamilika kisheria. Jackson alishinda. Rachel alifariki dunia tarehe 22 Desemba mwaka huo, kabla mumewe hajaapishwa, na Jackson hakuwasamehe waliomchafua.

Tamaa ya mwenza kuwa mrithi ni hatari ya aina yake. Grace Mugabe wa Zimbabwe aliingia kwenye mikutano ya hadhara ya ZANU-PF akiwashambulia waliodhaniwa kumrithi mumewe, kwanza Joice Mujuru mwaka 2014, kisha Emmerson Mnangagwa. Tarehe 4 Novemba 2017 alizomewa mkutanoni Bulawayo. Siku mbili baadaye Mnangagwa alifukuzwa umakamu, na kabla ya mwezi kwisha jeshi lilikuwa limeingia mitaani na Robert Mugabe amejiuzulu baada ya miaka 37 madarakani.

Guatemala iliweka ukuta wa kikatiba dhidi ya jambo hilo kwa kuwazuia ndugu wa karibu wa rais kugombea. Mwaka 2011 Sandra Torres alimtaliki Rais Álvaro Colom ili ukuta huo usimhusu. Mahakama ya Katiba ilimzuia vilevile.

Waume wa wagombea wanawake hupimwa kwa kipimo tofauti, na si cha haki. Mke wa mgombea asipoonekana, watu huuliza kuna nini nyumbani. Hafidh Ameir, mume wa Rais Samia Suluhu Hassan na ofisa kilimo mstaafu, huonekana hadharani kwa nadra na ukimya wake umechukuliwa kuwa ni heshima. Mume akiwa mfanyabiashara, kwa upande mwingine, mizigo yake humwangukia mkewe. Geraldine Ferraro, mwanamke wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa Marekani kugombea umakamu wa rais, mwaka 1984 alitumia karibu saa mbili mbele ya waandishi wa habari akijibu maswali kuhusu kodi na biashara za nyumba za mumewe, John Zaccaro, katika wiki ambazo alipaswa kuwa anaomba kura.

Na ipo hali ambayo mwenza anageuka mgombea bila kupanga. Mei 2020 mwanablogu Sergei Tikhanovsky wa Belarus alikamatwa akiwa anajiandaa kumkabili Rais Alexander Lukashenko. Mkewe Svetlana, mama wa watoto wawili ambaye hakuwahi kushika wadhifa wa kisiasa, aliwasilisha jina lake mwenyewe. Tume ya uchaguzi ilimpa takriban asilimia 10 katika matokeo yaliyopingwa na umati mkubwa mitaani, naye akaondolewa nchini kwenda Lithuania. Desemba 2021 mumewe alihukumiwa kifungo cha miaka 18. Aliachiwa tarehe 21 Juni 2025, akapelekwa Vilnius, akamkuta mkewe akiwa kiongozi wa upinzani anayepokelewa na wakuu wa nchi.