Mashua Isiyofika Nyumbani

Mnamo Julai 1876 mashua ndogo ya tanga ilifika kwenye mdomo wa mto Lukuga, mahali ambapo leo umesimama mji wetu wa Kalemie. Jina lake lilikuwa Lady Alice. Ilikuwa imeundwa Uingereza kwa vipande vitano, ili wapagazi waweze kuibeba katika nchi kavu na kuiunganisha tena kila walipofika majini. Ikiwa nzima, urefu wake ulikuwa futi 40, yaani mita 12 hivi, na upana wake haukufika mita mbili. Vitabu vya shule humtaja kiongozi wa msafara ule, Henry Morton Stanley. Sisi tuwatazame leo wale walioshika makasia na usukani, maana historia yao inatufundisha kitu juu ya neno ambalo kila msafiri analijua: nyumbani.

Walikuwa watu wa Unguja na Mrima, walioitwa Wangwana, wasemaji wa Kiswahili, wengi wao Waislamu. Waliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, katika msafara wa watu wapatao 350. Walipofika ziwa letu walikuwa wamekwisha kulizunguka ziwa Victoria, na mikono yao haikuwa safi: mwaka 1875, katika kisiwa cha Bumbireh, watu wengi wa pale walipigwa risasi kwa amri ya Stanley. Haifai kuwasifu wasafiri tukanyamazia waliouawa.

Tarehe 11 Juni 1876 Lady Alice iliondoka Ujiji. Ilifuata ufuo wa mashariki kwenda kusini, ikageuka mwisho wa ziwa, kisha ikapanda kwa ufuo wa magharibi hadi Lukuga. Safari nzima ilichukua siku 51 na kupita kilometa 1,200. Ilikuwa majira ya kiangazi, upepo wa kusi ukivuma. Kila mvuvi wa Kalemie anajua maana yake: anayekwenda kusini huupokea upepo usoni na kushinda akipiga makasia, anayerudi kaskazini hutweka tanga, upepo ukamsukuma, lakini mawimbi humfukuza kwa nyuma, na mshika usukani hathubutu kusinzia.

Katika mashua ya upana ule hapakuwa na mahali pa mtu kujitenga. Mmoja akisimama bila kuangalia, wote huyumba. Maji yakiingia, hayaulizi nani alilala na nani alikesha. Wote huyafua kabla hayajajaa. Neema moja walikuwa nayo ambayo baharia wa bahari kuu hana: kiu haikuwatisha, kwa kuwa maji ya Tanganyika hunyweka. Chakula, kinyume chake, kilitegemea ufuo. Ilibidi kutua, kutoa shanga na nguo, na kuomba kununua. Basi uhai wa mashua ulitegemea pia watu wa nchi kavu, ambao hawakuwa na sababu ya kuwaamini wageni wenye bunduki.

Hapa Lukuga walikuja kutafuta jibu. Miaka miwili kabla yao, Mei 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika vilevile kwa chombo kidogo, akasema kwamba mto huu ndio unaotoa maji ya ziwa kuelekea magharibi. Stanley na mabaharia wake walikuta matete, mafunjo na matope yaliyouziba, na mkondo hafifu. Alikata shauri kwamba ziwa linapanda, na kwamba siku moja litavunja kizuizi kile. Ndivyo ilivyotokea: mwaka 1879 mmisionari Edward Hore alikuta Lukuga ikitiririka kwa nguvu. Wakazi wa Kalemie ambao katika miaka hii wameona maji ya ziwa yakiingia nyumbani mwao hawahitaji kuelezwa kwamba ziwa hili hupanda na kushuka.

Tarehe 31 Julai mashua ilirudi Ujiji. Kwa mabaharia, Ujiji haikuwa nyumbani, lakini njia ya kurudi pwani ilianzia pale. Walikuta ndui imeingia kambini na kuua baadhi ya wenzao. Kisha wakasikia kwamba safari haitarudi mashariki; itavuka ziwa na kwenda Manyema, nchi waliyoiogopa. Wengi walitoroka. Tusiwahukumu upesi: mtu aliye mbali na watoto wake kwa karibu miaka miwili ana haki ya kuitamani njia fupi. Waliobaki walivuka ziwa, mashua ikavunjwa vipande tena, ikabebwa hadi mto Lualaba. Maji ya Lukuga huingia katika mto huo huo. Hivyo, bila wao kupanga, Wangwana walisafiri kuelekea baharini juu ya maji yaliyopita mbele ya Kalemie.

Mshika usukani wa Lady Alice aliitwa Uledi. Katika maporomoko ya mto Kongo aliwaokoa wenzake wengi waliokuwa wakizama, akijitupa majini bila kungoja amri. Lakini mwaka 1877, njaa ilipokuwa kali, Uledi huyo huyo alikutwa na shanga zilizoibwa, nazo shanga zilikuwa ndizo chakula cha wote. Stanley aliwakusanya wakubwa wa msafara waamue adhabu, nao wakasema apigwe. Ndipo ndugu yake Shumari akaomba kubeba nusu ya adhabu, na binamu yake Saywa akaomba kubeba iliyobaki. Uledi alisamehewa, nao wawili pia. Sisi tunaomtazama Kristu msalabani tunalielewa jambo hilo bila maelezo marefu. Vijana wale hawakusema kwamba ndugu yao hana kosa. Walisema kwamba kosa lake lisimpate akiwa peke yake.

Mwisho wa Julai 1877 walifika Isangila. Maporomoko yaliyobaki hayakuwa na njia ya chombo, kwa hiyo Lady Alice, iliyokuwa imebebwa na kuwabeba tangu Bagamoyo, iliachwa juu ya mawe ya mto. Walipoambiwa kwamba bahari iko karibu, Wadi Safeni, aliyekuwa mshika usukani kabla ya Uledi, alishukuru Mungu na kusema kwamba wamefika nyumbani. Akili yake ilikuwa imechoka kupita kiasi. Alimweka kasuku wake begani, akaingia porini kuitafuta bahari. Walimtafuta, hawakumpata tena.

Tarehe 9 Agosti msafara uliingia Boma. Walikuwa wamekaribia bahari, lakini ilikuwa bahari ya magharibi. Nyumbani kwao kulikuwa upande wa pili wa Afrika. Huko Luanda Stanley alipewa nafasi ya kwenda moja kwa moja Ulaya, akaikataa ili awarudishe watu wake kwanza. Mtu huyu, ambaye baadaye aliitumikia mipango ya Leopold II iliyoleta mateso makubwa katika nchi yetu, katika jambo hilo alitimiza wajibu wake. Meli ya Waingereza, Industry, iliwachukua kupitia rasi ya kusini mwa Afrika. Katika safari hiyo hapakuwa na makasia ya kupiga wala maporomoko ya kushinda, na ajabu ni kwamba baadhi yao walikufa wakati huo, kama watu ambao nguvu zao zilishikiliwa na kazi peke yake. Tarehe 26 Novemba 1877 waliona minazi ya Unguja. Walikuwa wamebaki zaidi kidogo ya 100. Ujira wa waliokufa ulilipwa kwa jamaa zao.

Ndugu wasomaji, mji wetu ni mji wa vyombo. Kila juma mashua na boti huondoka Kalemie zikiwa na watu wanaotaka kufika kwao, na tunazijua ajali ambazo hutokea kwa sababu mwenye chombo alihesabu mizigo kuliko watu. Lady Alice ilikuwa chombo kizuri na cha gharama, nayo iliachwa juu ya mawe bila mtu kuililia sana. Shumari na Saywa hawakuwa tayari kumwacha Uledi. Tujiulize katika familia zetu, katika jumuiya zetu, na pale tunaposimama bandarini tukiagana na wasafiri: tunahesabu nini kwanza, na ni nani tumemwacha njiani kwa kuwa alichoka, alikosa, au akili yake ilitangulia kufika kabla ya miguu?