Gemu Zisizochuja

Kati ya gemu zilizotoka miaka hii ya karibuni, zipi zitakuja kuwa... Hapo ndipo ulimi unapokwama. Zitakuja kuwa nini? Sisi wa Tunduma, mji ambao kabla ya saa sita mchana umekwisha kusikia Kinyamwanga, Kinyiha, Kibemba na Kiswahili cha dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam, tuna rundo la maneno ya kujaza pengo hilo, ila hatujachagua. Walinzi wenzangu wa lugha, tuchague.

Gemu lenyewe kwanza. Wapo wanaolichukia neno hili na kulipigia kelele kila linapochapwa. Mimi silichukii. Limeingia ngeli ya I-ZI bila kubisha hodi: gemu hii, gemu hizi. Msikilize mama anapofoka mwanawe amechelewa kurudi: “Achana na hayo magemu yako!” Ma- ile ni ya dharau, ileile ya majitu na mavitu. Neno la kigeni likishakubali kutukanwa kwa kiambishi chetu, limekuwa raia.

Mchezo ni letu tangu asili, ila lina watoto wengi mno. Kuna mchezo wa kuigiza, mchezo wa mpira, na mchezo wa kina mama wa kupeana fedha kwa zamu. Kazi ngumu nayo “si mchezo”. Mwambie muuza vitenge wa Tunduma kwamba umepoteza kila kitu kwenye mchezo, atakuuliza kijumbe wenu ni nani. Upana huo si kasoro, ila unataka nomino nyingine iusindikize.

Basi tuseme mchezo wa video? Silipendi, na sababu iko mtaani. Kwetu video ni filamu. Banda la video ni mahali pa kutazama picha na mechi, na watu wamelipa jina tamu kuliko yote niyajuayo katika Kiswahili cha karne hii: kibanda umiza. Nomino imekaa na kitenzi kitupu, hakuna kiunganishi, hakuna kiambishi, na maumivu ya kubanana kwenye benchi yamo ndani. Aliyelibuni neno hilo hakuketi kwenye kamati yoyote. Kwa upande wetu banda la gemu linatosha.

Mpaka mmoja tuulinde kwa nguvu. Sheria ya mwaka 2003 iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inaitumia “gaming” ya Kiingereza kwa maana ya kamari, na Kiswahili, kwa busara yake, kikaongeza kubahatisha. Mashine ya kutumbukiza sarafu, ile ambayo wengine huiita dubwi, ni bahati. Gemu ni ujuzi. Ulaya wenyewe walijikwaa hapa: gemu ya karata iitwayo Balatro, iliyotengenezwa na Mkanada mmoja na kutoka 2024, ilipandishwa na wapanga umri hadi miaka 18 kwa sababu tu ina sura ya poka, ingawa hakuna senti inayowekwa mezani. Mapema 2025 wakairudisha kwenye 12. Wangekuwa na neno kubahatisha mkononi wangeuliza swali moja tu wakamaliza.

Sasa kwenye pengo lenyewe. Wa kwanza kubisha hodi ni klasiki. Mzizi wake ni Kilatini. Warumi waliwapanga raia kwa madaraja ya mali, na neno hili lilikuwa la watu wa daraja la kwanza. Katika karne ya 2, Aulus Gellius akalihamishia kwa waandishi: kuna mwandishi wa daraja hilo, na kuna mwandishi kabwela. Kwa hiyo sifa hii ya sanaa ilizaliwa kwenye daftari la utajiri na kodi. Kodi tunaijua sana hapa mpakani na Nakonde, na tulikwisha kuijua kabla ya kituo cha pamoja cha forodha kufunguliwa mwaka 2019. Hatuna haja ya kuitumia kusifia gemu.

Kongwe ni neno la heshima: mwanamuziki mkongwe, klabu kongwe. Lakini ukongwe hupatikana kwa kungoja tu. Tetris ya mwaka 1984 ni kongwe, hata kama hakuna mtu anayeipenda. PlayStation 2 ya mwaka 2000 imeshafika. Elden Ring ya 2022 haiwezi kuwa kongwe leo hata ukiipigia goti, na swali letu linahusu za leo.

Neno kale ndilo lililo mbali zaidi: mlango wake umefungwa, na ufunguo anao mhifadhi wa makumbusho. Adhimu, tunu na johari yana harufu ya udi. Yafaa yabaki kwa tenzi. Hebu mwambie kijana aliyeshika pedi kwamba Minecraft ni johari adhimu, uone atakavyokutazama.

Kisha linakuja lenye wapenzi wengi, zilipendwa. Hapa nitakaa kidogo, maana neno hili ni la Tanzania hasa. Redio ilitulea nalo. Ukilisikia, gitaa la NUTA Jazz au la Tabora Jazz linaanza kulia kichwani. Nalo linakubaliana na ngeli ya gemu kama lililokatiwa vipimo: nyimbo zilipendwa, gemu zilipendwa. Kisarufi ni sentensi nzima iliyogeuka nomino, kitenzi cha kutendwa kilichovaa koti la jina. Lugha chache zingethubutu.

Tatizo ni ile -li-. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979, tunaziita zilipendwa ilhali watu wanazipenda leo jioni hii. Kiambishi kinasema uongo mtupu, nasi tumezoea kukisamehe. Mtaa haukusamehe, uling'amua: mtu akimwita mwenzake “zilipendwa” hamsifu, anamwambia siku zake zimepita. Kwa gemu za karibuni neno hili halifai hata kidogo. Huwezi kuipa talaka bibi harusi ambaye bado yuko kwenye maandazi ya posa.

Tukigeuza wakati, zitapendwa inakuwa ramli. Zipendwazo ina uzuri wake, kwa kuwa kirejeshi cha mwishoni hakitaji wakati wowote, lakini inasikika kama tangazo la sabuni lililosomwa na shaha.

Nenda sasa kwenye maduka ya vitenge. Mnunuzi hashiki kitambaa na kuuliza kilitengenezwa mwaka gani. Anauliza, “Kinachuja?” Kamusi na wazee wa sarufi watapenda kuchujuka, na wana haki yao, lakini midomoni ni kuchuja: rangi kutoka, ua likabaki kivuli. Kutoka kwenye beseni la kufulia neno likapanda jukwaani. Msanii aliyepoteza mvuto “kachuja”, na mwenye kudumu “hachuji”.

Hivyo napendekeza mchezo usiochuja, gemu isiyochuja, na kwa wingi gemu zisizochuja. Nina sababu mbili. Kwanza, kirejeshi kikanushi chenye -si- hakina wakati: isiyochuja haikuchuja jana, haichuji leo, haitachuja kesho, yote katika silabi tano. Kile -li- ilichotunyima, -si- inakitoa bure. Pili, kuchuja pia ni kupitisha kwenye kichujio, na tuna mchujo wa wachezaji na wa wagombea. Kwa hiyo kitenzi kimoja kinabeba kesi na hukumu: wakati unachuja gemu, na gemu njema haichuji.

Isiyochuja inahitaji mwenzake wa kinyume, na huyo nimempata Mbozi. Kimondo: kinachowaka angani usiku, kila mtu akakinyooshea kidole, kikazimika. Flappy Bird ilitoka 2013, ikatikisa dunia mwanzoni mwa 2014, na mwezi Februari mtengenezaji mwenyewe akaiondoa sokoni. Hicho ni kimondo. Najua wenyeji wa Ndolezi watalalamika, kwa kuwa kimondo chao kina takriban tani 16 na hakijaenda popote. Wana hoja. Basi gemu ikiwaka ghafla kisha ikabaki, na tuseme imetua. Among Us ilitoka 2018 bila mtu kuishtukia, ikawaka 2020. Kama imetua au la, subirini kidogo.

Na tupime zile zinazotajwatajwa. Katika kibanda umiza kuna sheria isiyoandikwa: stelingi hafi. Stelingi ni neno letu la mhusika mkuu wa picha, na ni zuri kuliko shujaa, kwa sababu stelingi anaweza kuwa mwizi. Elden Ring imevunja sheria hiyo. Stelingi wake ni wewe, na unakufa kwa farasi, kwa shimo, kwa adui uliyemdharau, halafu unarudi palepale ukiwa na akili zaidi kuliko nguvu. Anayeicheza hujifunza kwamba kufa si kufungwa. Wapinzani wake wa mwishomwisho vijana huwaita mabosi, na sitalibadili; bosi katika Kiswahili tayari ni mtu anayekutesa kabla hajakupa kitu. Elden Ring nasema haitachuja.

The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya 2017 inahitaji neno la aina yake, ile ambayo mchezaji anaachiliwa dunia nzima aende atakako. Dunia wazi ni tafsiri iliyolala, kama vile kuna mtu amesahau kufunga mlango. Tuna huria, tunayo kwenye soko huria na elimu huria, basi iwe gemu huria. Na kile unachokifanya humo saa nzima, kupanda mlima bila sababu, kuokota uyoga, kuhama bila kumdhuru mtu, wacheza bao walikwisha kukitaja. Katika bao, ukisambaza kete zako bila kula za mwenzako, unatakata. Kutakata! Neno la usafi, la mwanga wa mwezi, limekaa kwenye ubao wa mashimo 32 likingoja gemu huria zizaliwe. Zelda ile ni gemu ya kutakata kuliko zote, na ndiyo maana sidhani itachuja.

Minecraft ya 2011 nakala zake zimepita milioni 300, lakini hesabu hiyo si hoja yangu. Hoja ni kwamba haina mshindi. Ni mchezo kwa maana ile ya kwanza kabisa, ya mtoto aliyekaa chini anafinyanga udongo. Hapa ndipo neno mchezo, pamoja na watoto wake wote, linashinda gemu.

Mpira je? Banda la gemu bila mpira si banda. Ila gemu za mpira hufa kila mwaka kwa mkono wa mama yao: toleo jipya linatoka, la zamani linakuwa kalenda ya mwaka jana. Kilichodumu ni jina. Mwaka 2023 kampuni ya EA iliachana na jina la FIFA, mfululizo ukaitwa EA Sports FC, na Konami nayo ilishageuza PES kuwa eFootball mwaka 2021. Mtaani mikataba hiyo haikusomwa. Watu bado “wanacheza fifa”, kwa herufi ndogo, hata iliyomo kwenye mashine ikiwa ya Konami. Gemu ikachuja, neno halikuchuja.

Kuna pia biashara ya kuuza za zamani kama mpya, na majina yake tuyatenganishe. Ikiongezewa mng'ao wa picha tu, imeng'arishwa. Ikivunjwa yote na kujengwa tena, kama Resident Evil 4 ya 2005 ilivyorudi 2023, imefumuliwa na kusukwa upya. Msusi yeyote atakueleza tofauti ya kupaka mafuta na kufumua. Gemu iliyosukwa upya ina ushahidi mkononi: hakuna anayefumua kichwa kisichopendwa.

Mwisho ni iliyo karibu nasi kwa damu. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: ZAU, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga akiomboleza baba yake. Ndani yake kuna mji uitwao Amani, kijana aitwaye Zuberi, na Zau anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, ili arudishiwe baba. Sauti zake zinachezeka kwa Kiswahili. Wahakiki wa Kiingereza walimwita Zau “shaman”, na tayari nimeona mahali fulani “shamani”. Hapana! Zau ni mganga. Mzizi -gang- ni wa Kibantu na ni mpana kiasi cha kumbeba mwenye tunguri na Mganga Mkuu wa Mkoa pale Vwawa. Na Kalunga ni jina ambalo baadhi ya lugha za Zambia na Angola humwita Mungu. Gemu yenyewe ni fupi na mapigano yake ni ya kawaida. Naiacha kwenye mchujo. Kiswahili peke yake hakizuii kuchuja.

Ila kinaweza kusaidia. Mwaka 2005 Christopher Tin aliitungia Civilization IV wimbo wa ufunguzi, Baba Yetu, ambao ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ukapata Grammy, muziki wa gemu wa kwanza kuipata, na kwaya za dunia nzima bado zinauimba. Gemu ile imepata warithi, wimbo haujachuja.

Walimu wa Kiswahili wa Tunduma, Mbozi, Momba na Ileje, lijaribuni neno hili darasani kabla halijafika BAKITA, mwone kama wanafunzi watalitumia bila kulazimishwa. Na ninyi mnaosema Kinyamwanga, Kinyiha na Kindali nyumbani, kama mna neno la kitu kinachotumika miaka na miaka na hakipungui, litoeni. Likiwa tamu kuliko isiyochuja, langu nitaliondoa mwenyewe. Klasiki tu ndiyo msiniletee.