Sasisho la Windows linapogoma: Mambo ya kuchunguza kabla ya kumwita fundi

KWA mtumiaji wa kompyuta aliyeko Bugarama, wilayani Ngara, mkoani Kagera, sasisho la Windows linaloshindwa kuingia si kero ndogo. Mara nyingi intaneti yake hutoka kwenye simu au modemu, hulipiwa kwa kifurushi, na sasisho likipakuliwa kisha likakataa kuingia, fedha yake imepotea bila faida.

Wengi, wakishachoshwa na ujumbe wa kushindwa, huamua kuzima masasisho moja kwa moja. Uamuzi huo una hatari yake.

Masasisho ni marekebisho ambayo mtengenezaji wa programu endeshi huyatoa ili kuziba mianya ya usalama na kuondoa kasoro. Kampuni ya Microsoft hutoa ya Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi, utaratibu ulioanza Oktoba 2003.

Umuhimu wake ulidhihirika mwaka 2017. Machi 14 mwaka huo, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba mwanya mmoja wa Windows. Miezi miwili baadaye, Mei 12, programu haribifu ya WannaCry iliupitia mwanya huohuo, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia katika nchi zaidi ya 150. Hospitali nchini Uingereza zililazimika kuahirisha huduma. Kompyuta zilizokuwa zimepokea sasisho la Machi zilikuwa zimezibiwa mwanya huo.

Hatua ya kwanza ni kufungua historia ya masasisho katika ukurasa wa Windows Update na kuandika mambo mawili: namba ya sasisho, inayoanza na herufi KB, na namba ya kosa. Namba ya kosa ndiyo inayoonyesha ugonjwa ulipo, na bila hiyo hata fundi hubahatisha.

Kosa 0x80070070 maana yake nafasi katika diski haitoshi. Futa mafaili ya muda kwa kutumia Disk Cleanup, kisha hamishia picha na video kwenye diski ya nje. Ni busara kubakiza gigabaiti 20 tupu kabla ya sasisho kubwa.

Kosa 0x80072EE2 linaonyesha kwamba mawasiliano na seva za Microsoft yamekatika au yamechelewa mno. Hapa kompyuta huenda haina kosa lolote. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo dawa ni kusubiri. Angalia pia kama mtandao wako umewekwa kuwa wa kulipiwa kwa kipimo, kwa sababu katika hali hiyo Windows huahirisha upakuaji wa masasisho mengi.

Kosa 0x80072F8F mara nyingi hutokana na tarehe na saa zisizo sahihi. Kompyuta kuukuu ya mezani ikirudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma kila inapozimwa, betri ndogo iliyo kwenye ubao wake mkuu imekwisha. Seva zikiona tarehe isiyolingana, hati za usalama hukataliwa. Badilisha betri, rekebisha saa, kisha jaribu tena.

Kosa 0x80070002 au 0x80073712 huashiria mafaili yaliyopungua au kuharibika, na kukatika kwa umeme katikati ya kazi ni miongoni mwa sababu zake. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika amri DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ngoja imalize, kisha andika sfc /scannow. Fahamu kwamba amri ya kwanza huweza kuhitaji intaneti.

Ikishindikana, simamisha huduma mbili kwa amri net stop wuauserv na net stop bits. Badili jina la folda C:\Windows\SoftwareDistribution, kisha ziwashe huduma hizo kwa net start. Windows itaunda folda mpya na kupakua upya, hivyo hakikisha kifurushi kinatosha.

Kwa mwenye intaneti hafifu ipo njia nyingine. Tovuti ya Microsoft Update Catalog huruhusu kutafuta sasisho kwa namba yake ya KB na kulipakua kama faili. Faili hilo laweza kupakuliwa kwenye kompyuta yenye mtandao mzuri, Ngara mjini au Biharamulo, likabebwa kwa flashi na kufunguliwa Bugarama. Kwa Windows 10 na 11, sasisho la kila mwezi hubeba ndani yake marekebisho ya miezi iliyotangulia, hivyo kwa kawaida lile la karibuni linatosha. Hakikisha tu kwamba linalingana na toleo la Windows lililomo.

Wakati wa kulisimika, kompyuta ya mkononi iwe na chaji na iwe imechomekwa kwenye umeme. Ya mezani iwe na UPS. Usiizime kwa haraka ukidhani imekwama. Umeme ukikatika, mara nyingi Windows itakapowaka tena itarudisha mafaili ya awali. Hata hivyo, nakili kumbukumbu muhimu kabla ya kuanza.

Wanunuzi wa kompyuta zilizotumika wachunguze jambo moja zaidi. Ukiona ujumbe kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi, ilhali kompyuta ni yako, huenda masharti ya ofisi iliyokuwa ikiimiliki bado yamo. Kusimika Windows upya, kwa nakala halali, huondoa tatizo hilo mara nyingi.

Wakati mwingine kosa ni la mtengenezaji. Januari 2024, sasisho KB5034441 la Windows 10 lilishindwa kwenye kompyuta nyingi kwa kosa 0x80070643, kwa sababu sehemu ya diski iliyotengwa kwa ajili ya uokoaji ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo, kabla ya kufuta kila kitu, tafuta namba ya KB katika taarifa za Microsoft uone kama wengine wamepatwa na hali hiyo.

Mwisho, tambua umri wa programu yako. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, na wanaojiandikisha katika mpango wa nyongeza kwa watumiaji binafsi hupewa marekebisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11 nayo hudai kifaa cha usalama cha TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi kuukuu hazina. Kwa mwenye kompyuta ya namna hiyo, swali la kujiuliza ni kama ahamie programu endeshi nyingine inayopata marekebisho, kama Linux, au aanze kuweka akiba ya kompyuta mpya.