Niliwadanganya kuhusu mabawa ya kuku

Leo naanza na kuomba msamaha.

Mwaka jana nilitengeneza video ya mabawa ya kuku, yale ya sukari na pilipili. Nikiwa nayageuza kwenye sosi, nikawaambia, kwa ile sauti ya mtu aliyesoma sana, ati chakula hiki kilivumbuliwa 1964 na mama mmoja kwenye baa ya mji wa Buffalo, jimbo la New York. Nikaishia hapo. Kumbe hiyo ni nusu ya stori, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa kwenye sufuria yangu.

Nianze na ile inayojulikana. Baa inaitwa Anchor Bar, na wenyewe walikuwa Frank na Teressa Bellissimo, Wamarekani wenye asili ya Italia. Ukimsikiliza Frank, waliletewa mabawa kimakosa badala ya shingo walizokuwa wakitumia kupikia sosi ya tambi. Ukimsikiliza mtoto wao Dominic, ilikuwa Ijumaa usiku, wateja Wakatoliki wanangoja saa sita ipite ndio wale nyama, akamwomba mamake awatafutie kitu cha kutafuna. Familia moja, stori mbili. Lakini mwisho wake unafanana: Teressa anayakata mabawa, anayakaanga, anayapaka siagi na sosi ya pilipili, kando anaweka vijiti vya seleri na sosi ya jibini.

Sasa nionyeshe sukari iko wapi hapo. Siagi, siki, pilipili. Ni kali na chachu, basi. Mimi nilikuwa na asali na tomato sosi kwenye sufuria huku nikimtaja Teressa. Ni kama kupika biriani halafu umshukuru mtu wa githeri.

Utamu ule una njia yake, na kwenye mji huohuo wa Buffalo unapitia kwa mtu anayeitwa John Young.

Young alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Alabama. Kati ya mwaka 1910 hivi na 1970, watu weusi karibu milioni 6 waliondoka kusini mwa Marekani, wakikimbia ubaguzi na umaskini wa mashambani, wakaelekea miji ya kaskazini iliyokuwa na viwanda. Buffalo ilikuwa na chuma, na chuma kilikuwa na kazi. Watu walifika na sanduku na njaa, lakini pia na mapishi. Miaka ya katikati ya 1960, Young alikuwa anauza mabawa Jefferson Avenue, kwenye mtaa wa watu weusi, na hoteli yake ikaitwa Wings 'n Things. Hakuyakata. Bawa lilikuja zima, limepakwa unga, limekaangwa, limezamishwa kwenye sosi nyekundu ya nyanya yenye utamu, uchachu na pilipili. Sosi hiyo inaitwa mambo. (Najua, jibu ni poa.) Chicago na Washington D.C. wanabishana hadi leo ni nani aliyeianza.

Angalia tena hiyo sosi. Nyanya, utamu, uchachu, pilipili. Hiyo ni sosi yangu mimi. Hiyo ni sosi ya karibu kila mtu Nairobi anayepika mabawa nyumbani.

Kilichofuata ndicho kilichonikera. Karibu na mwaka 1970 Young aliondoka Buffalo. Mwaka 1977 mji ukatangaza tarehe 29 Julai kuwa siku ya mabawa ya kuku, na heshima ikaenda Anchor Bar. Ilibidi mwaka 1980 mwandishi Calvin Trillin, akiandikia jarida la The New Yorker, amtafute Young na kumsikiliza. Young alimwambia kwamba watu weusi walikuwa wakila mabawa tangu zamani, na kwamba yeye ndiye aliyefanya bawa kuwa biashara pale mjini. Alifariki 1998. Baa ya Bellissimo iko hadi leo, na watalii wanapanga foleni.

Sisemi Teressa aliiba. Siagi na sosi ya pilipili pamoja na seleri ni mpango wake, apewe sifa zake. Ninachokataa ni lile neno “kuvumbua”. Mtu huvumbua vipi kitu ambacho watu wa mtaa wa pili wanakila kila wiki?

Na hii ya watu weusi na kuku haikuanzia Buffalo. Wakati wa utumwa, kwenye mashamba mengi ya kusini, watumwa hawakuruhusiwa kufuga ng'ombe wala nguruwe, lakini kuku waliachiwa, kwa sababu wenye mashamba hawakumwona kuku kuwa mali ya maana. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanawake weusi wa mji wa Gordonsville, Virginia, walikuwa wakisimama kando ya reli na sinia za kuku wa kukaanga kichwani, wakiwauzia abiria kupitia madirisha ya treni. Si unaiona hiyo picha? Si ndivyo unavyouziwa ndizi kwenye matatu ukienda ushago?

Mimi mwenyewe nilipaswa kujua. Kwa Kukhu kule Kakamega, kuku akichinjwa, imondo ni ya mzee, na usijaribu kuuliza. Mapaja ni ya wageni. Sisi watoto tunagawiwa shingo, miguu na mabawa. Nilipomwonyesha Kukhu ile video yangu, alicheka mpaka akafuta machozi. “Mjukuu wangu, unawafunza watu kula bawa? Hilo nililokupa ili unyamaze?”

Basi nipike tena, safari hii nikisema ukweli.

Kilo moja ya mabawa. Kata kwenye viungo, ile ncha usitupe, ni supu ya kesho. Young angesema acha zima, lakini sufuria yangu ni ndogo. Kausha na kitambaa kisafi hadi ngozi isiwe na maji kabisa. Hapa ndipo wengi mnaharibu. Chumvi, pilipili manga, na kijiko kidogo cha hamira ya unga, ile ya keki, sio ya mkate. Hiyo ndiyo inafanya ngozi iwe kavu na ilie ukiuma. Acha kwenye friji saa kadhaa bila kufunika, halafu ukaange kwenye mafuta ya moto, kidogo kidogo, usijaze sufuria.

Sosi ni kando: kitunguu saumu na tangawizi vya kusaga, tomato sosi, siki kidogo au ndimu, pilipili ya kuwasha kadiri ya ujasiri wako, na asali mwisho kabisa, moto ukiwa chini. Asali ukiitia mapema inaungua na kuwa chungu, na utasema nilikudanganya tena. Mimina mabawa yakiwa bado moto, geuza, maliza.

Na kama unajiuliza kwa nini ladha hii ilitushika haraka hivi, kumbuka embe la kando ya barabara, limekatwa, limenyunyiziwa chumvi na pilipili. Kumbuka ukwaju wa Mombasa ukimwagwa juu ya mishikaki. Ulimi wetu ulikuwa umeshafunzwa.

Wikendi huwa nauzia majirani pale kwenye ploti, na karatasi ya bei ilikuwa imeandikwa “Buffalo”. Nimeibandua. Mpya inasema “Mabawa ya mambo”. Jana jirani wa ghorofa ya pili aliisoma, akauliza ni mambo gani. Nikamwambia akae chini, stori ni ndefu kidogo, na mafuta bado hayajapata moto.