Miongo Sita ya Chama cha Wachongaji wa Changamwe, na Deni la Tarasaa

Mwaka 1963, mwaka uleule Kenya ilipojipatia uhuru, wachongaji Wakamba waliokuwa wametawanyika Mombasa, kila mtu akichonga na kuuza kivyake, waliunda chama cha ushirika na kukusanyika Changamwe, upande wa uwanja wa ndege. Walianza wakiwa kama 100; baadaye daftari la chama lilifikia karibu wanachama 3,000. Ufundi wenyewe umekitangulia chama. Husimuliwa kwamba Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, aliupata Tanganyika kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao Ukambani. Chama kilileta namna mpya ya kuuza: mabanda ya kuchongea pamoja, ukumbi mmoja wa maonyesho, bei isiyobadilika kwa sura ya mnunuzi, na namba ya mchongaji kwenye kila kinyago ili pesa zimfikie mwenyewe. Naamini namba hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko twiga na vifaru vyote vilivyotoka Changamwe, maana humwezesha fundi kuonyesha kazi yake pamoja na wenzake mia bila kupotea kati yao.

Wapo wanaosema ushirika uliua ubunifu, kwamba ukumbi umejaa wanyama walewale wanaofanana. Lawama hiyo ina ukweli, lakini imeangukia pasipo pake. Kinyago kilikariri umbo kwa sababu mtalii aliendelea kulinunua, na mchongaji wa pekee kando ya barabara alichonga twiga yuleyule kwa bei duni zaidi. Chama kilipimwa vizuri zaidi na suala la mti. Mpingo na muhugu vilipoanza kuadimika kwa kukatwa ovyo, watu wa uhifadhi walihimiza miti inayokua upesi, hasa mwarobaini, ambao Pwani umejaa mashambani. Fundi mmoja angebadilije mti peke yake, huku mnunuzi akidai mpingo? Kundi lenye ukumbi wake liliweza kuuweka mwarobaini mbele ya wanunuzi na kuutetea.

Naandika haya nikiifikiria Tarasaa, jirani ya Ngao, katika Delta ya Mto Tana. Huko ufundi upo tele: mikeka, mitumbwi ya gogo moja na ngoma za Wapokomo, vyombo vya maziwa vya kusuka vya Waorma. Kinachokosekana ni ukumbi na daftari. Mkeka uliochukua siku nyingi kusukwa huuzwa kwa haraka mafuriko yanapokaribia, kwa kuwa nyumbani hakuna mahali pakavu pa kuuweka, na jina la msukaji huishia mikononi mwa mchuuzi. Kitu kikitenganishwa na watu wake hupotelea mbali zaidi ya hapo. Ngoma kuu ya Wapokomo, ngadzi, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902. Imewekwa ghalani katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, na wenyewe wangali wanaidai.

Pingamizi zito kuliko yote ni la damu. Wachongaji wa Changamwe walikuwa wa jamii moja, ilhali Delta ilishuhudia mapigano ya wakulima na wafugaji mwaka 2012 na 2013, na majeraha yale hayafutwi na meza ya maonyesho. Sidai kwamba yatafutwa. Ushirika haumtaki mtu ampende jirani yake kwanza. Unamtaka akubali hesabu iliyo wazi, kila mmoja aone namba yake na malipo yake. Tena mfugaji na mkulima wa Tana hawashindani katika ufundi: msukaji wa mkeka hanyang'anyani mnunuzi na mtengenezaji wa chombo cha maziwa, bali mnunuzi aliyekuja kwa kimoja hukiona na kingine. Palipo na shaka ya zamani ndipo daftari la wazi linapohitajika zaidi.

Serikali ya kaunti ya Tana River, pamoja na Makumbusho ya Taifa, wangeweza kuanza na jengo moja lililoinuliwa juu ya kimo cha mafuriko, Tarasaa au Garsen. Mafundi nao wasilisubiri jengo. Waanze na daftari, na namba chini ya kila mkeka unaotoka mkononi mwao.